Kuku Mmoja, Sahani Saba

   Kama uko jikoni usiache kazi yako. Endelea kumenya, endelea kuchambua mboga, mradi masikio yako yako hapa nasi.

Huu ni msimu wa jua kali. Kule pwani upepo wa kaskazi unavuma tangu Desemba hadi Machi, na huku bara miezi ya Januari na Februari mchana hauvumiliki. Watoto wanarudi nyumbani wamechoka na hawataki chakula cha moto. Kwa hiyo leo tutazungumza juu ya saladi ya kuku, chakula cha jioni kinachoshibisha na ambacho hakihitaji kuliwa kikifuka moshi. Lakini kabla ya kupika, tuulize swali moja ambalo kila mama analijua. Nyumbani kuna watu saba na kuku ni mmoja. Nani atakula nini? Na mama mwenyewe atabakiwa na kipande gani?

Swali hilo lina historia ndefu. Tukiijua, tutajua pia kwa nini chakula hiki cha leo kina faida kwa afya ya mama na mtoto.

Kuku alitoka wapi?

Wengi wetu tunadhani kuku ni wetu tangu mwanzo wa dunia. Tunamwita kuku wa kienyeji. Ukweli ni kwamba naye alikuja akiwa mgeni. Babu zake ni ndege wa mwituni wa Asia ya Kusini Mashariki, ambao hata leo wanaishi katika misitu ya huko. Mwaka 2022 wataalamu wa mambo ya kale walitangaza kwamba mifupa ya zamani zaidi inayojulikana kwa hakika kuwa ya kuku wa kufugwa ilipatikana nchini Thailand, katika kijiji cha kale kiitwacho Ban Non Wat. Umri wake ni zaidi ya miaka 3,000. Inaelekea ndege hao walivutiwa na nafaka za mashambani, wakazoea watu, na watu wakawazoea.

Kutoka huko kuku alisafiri polepole hadi India, Uarabuni na Ulaya. Kwetu sisi, uthibitisho wa kuku wa kale unapatikana katika pwani ya Afrika Mashariki. Wachimbaji wa magofu wamepata mifupa yake katika makao ya kale ya Waswahili, na ushahidi ulio wazi ni wa kuanzia karne ya 7 na ya 8. Hiyo ndiyo enzi ambapo majahazi yalikuwa yakivuka Bahari ya Hindi. Na yalivuka kwa upepo gani? Kwa kaskazi hii hii inayovuma leo. Majahazi yalishuka nayo kuja kwetu, na kusi ilipoanza kuvuma yakarudi.

Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huyu mgeni wetu alifunguliwa kamba zamani sana. Alienda bara, akawa wa kila jamii na kila boma. Hakuhitaji malisho mapana kama ng'ombe. Alijitafutia chakula chake uani, na mama wa nyumba ndiye aliyemlinda dhidi ya mwewe na kicheche.

Aliyefuga hakula

Hapa ndipo historia inapotugusa. Katika jamii nyingi, kuku alikuwa kitoweo cha heshima. Mgeni akifika, anachinjiwa. Ndiyo maana tuna msemo usemao mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Kwa Waluhya, firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na hadi leo ziko nyumba ambako mama akiipoteza firigisi kuna kesi ya kujibu.

Tena zamani, katika jamii nyingi za Waluhya, mwanamke hakuruhusiwa kula kuku hata kidogo. Miongoni mwa Waluo pia ulikuwako mwiko wa wanawake kula kuku na mayai. Mama alifuga, alichinjiwa na mwanamume au kijana, alinyonyoa, alipika, akaandaa, kisha akala ugali na mboga. Hatusemi haya kwa kuwadharau wazee wetu. Mila zilikuwa na heshima yake, na nyumba zilikuwa na vyakula vingine kama vile maziwa, samaki, kumbikumbi na maharagwe. Lakini mwili wa mama mjamzito na wa mama anayenyonyesha haukujua mila. Uliendelea kudai damu na nguvu.

Mwiko huo ulianza kuvunjwa mapema katika karne ya 20. Mwaka 1902 Marafiki kutoka Marekani walianzisha misheni Kaimosi, magharibi mwa Kenya. Baadhi ya wanawake wa kwanza walioingia katika imani hiyo walikula kuku waziwazi. Kwao haikuwa suala la shibe pekee. Kula kuku kulikuwa kutangaza kwamba mwanamke naye ni mtu mzima mezani. Ulikuwa ujasiri mkubwa, maana jamaa na majirani walitazama ni balaa gani litawapata. Hakuna ubaya uliotokana na kuku yule.

Ugonjwa wa mtoto aliyepishwa

Mama, tuvuke kidogo hadi Afrika Magharibi. Mwaka 1933 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, alikuwa akifanya kazi katika nchi tunayoiita leo Ghana. Aliandika habari za watoto waliovimba miguu, nywele zikabadilika rangi na ngozi ikabambuka. Mara nyingi walikuwa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi mtupu. Baadaye aliutaja ugonjwa huo kwa jina walilolitumia akina mama wenyewe katika lugha ya Kiga: kwashiorkor. Jina hilo huhusishwa na mtoto anayeugua baada ya mdogo wake kuzaliwa na kuchukua nafasi yake titini. Kwa Kiswahili ni unyafuzi, na wengi wetu tunauita kwashakoo.

Wataalamu wa leo wanasema unyafuzi hausababishwi na ukosefu wa protini peke yake. Kuna maambukizo, kuna kuhara, na kuna upungufu wa virutubishi vingine. Lakini akina mama wale walikuwa wameona jambo la kweli: mtoto anayeondolewa titini na kupewa chakula cha aina moja tu yumo hatarini. Anahitaji sahani yenye vyakula mchanganyiko. Na mara nyingi, kuku akipikwa, mtoto huyo mdogo ndiye anayepewa mchuzi pekee. Mchuzi una ladha, lakini nguvu kubwa imo katika nyama yenyewe.

Mboga nazo zilisafiri

Sasa tuangalie kitu cha pili katika saladi yetu, yaani mboga. Neno saladi asili yake ni chumvi. Warumi wa kale walitia chumvi kwenye majani na mboga mbichi, na kwa Kilatini chumvi ni sal. Neno hilo likapita katika lugha za Ulaya hadi likatufikia.

Lakini kabla ya saladi kuwa neno la kawaida katika nyumba zetu, tulikuwa tayari na kachumbari. Jina hili limetoka katika lugha za Bara Hindi, ambako hadi leo hukata vitunguu, matango na nyanya na kuvikamulia ndimu. Biashara ya pwani na India ni ya kale sana. Kisha wakati wa kujenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, kati ya mwaka 1896 na 1901, zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India. Wengi walirudi kwao, na wengine walibaki. Wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka kando ya reli. Vyakula vyao vikazoeleka, chapati na kachumbari vikawa vyetu.

Na nyanya, je? Nyanya, viazi, avokado na pilipili vyote asili yake ni bara la Amerika. Havikuweza kufika kwetu kabla ya mabaharia wa Ulaya kuvuka bahari ile mwishoni mwa karne ya 15. Kitunguu, tango, karoti na ndimu ni vya Asia. Kwa hiyo ukitazama bakuli la kachumbari nyumbani kwako, unaona safari za watu wa mabara mengi. Hakuna chakula ambacho kiliumbwa kwa ajili ya watu fulani tu. Hata kuku hakuumbwa kwa ajili ya baba peke yake.

Kuku baridi wa mwaka 1953

Kuna kisa kimoja kinachounganisha Kenya na saladi ya kuku. Tarehe 6 Februari 1952 Mfalme George wa Sita wa Uingereza alifariki. Binti yake Elizabeth alikuwa hapa Kenya. Usiku huo alikuwa amelala Treetops, karibu na Nyeri, na habari zikamfikia akiwa katika nyumba ya Sagana. Alifika nchini akiwa binti mfalme, akaondoka akiwa malkia.

Alitawazwa London tarehe 2 Juni 1953. Wakati huo Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na familia nyingi hapa hazikuwa na la kusherehekea. Huko London, wapishi wawili wanawake, Constance Spry na Rosemary Hume, pamoja na wanafunzi wao wa upishi, walipewa kazi ya kuwaandalia chakula cha mchana wageni wapatao 350. Chakula kilibidi kipikwe mapema. Wakachagua kuku aliyechemshwa, akapoa, akachanganywa na sosi laini iliyotiwa unga wa kari. Kari hiyo, kama kachumbari yetu, ilikuwa imetoka India. Chakula hicho kilipata umaarufu Uingereza na bado kinapikwa.

Tunakisimulia kisa hiki kwa sababu kina funzo la jikoni. Kuku akiondolewa mifupa na kuchanganywa na vitu vingine, hutosha watu wengi, na hapana anayejua lipi lilikuwa paja na ipi ilikuwa shingo. Wapishi wale walitaka kulisha wakuu wa nchi. Sisi tunataka kulisha watu saba nyumbani kwa haki.

Mwiko uliogeuka desturi

Leo hakuna sheria inayomkataza mama kula kuku. Tangu uhuru, kuku wameongezeka mashambani. Mwaka 1976 serikali, kwa msaada wa Uholanzi, ilianzisha mpango wa taifa wa kuendeleza ufugaji wa kuku, ambapo wakulima walibadilishana majogoo ya kienyeji na majogoo ya mbegu bora. Kuku wa gredi nao wanauzwa karibu kila mji.

Lakini tuambiane ukweli. Mwiko uliondoka, desturi ikabaki. Ni akina mama wangapi wanaosikiliza sasa hivi ambao jana walikula shingo na mabawa, wakasema hawapendi paja? Baba alipewa paja, mgeni akapewa kidari, wavulana wakagawana kilichobaki. Msichana wa miaka 14 ambaye ameanza kupata hedhi alipewa mguu. Mama mwenye mimba ya miezi 6 akafuta sufuria kwa ugali. Hawa wawili wanahitaji madini ya chuma kuliko wengi wa wale walioshiba, kwa sababu upungufu wake huleta ukosefu wa damu. Mama mwenye upungufu wa damu huingia katika uzazi akiwa na hatari zaidi.

Saladi ya kuku inaweza kumaliza mashindano hayo bila kelele. Huhitaji kugombana na mtu. Unachambua nyama yote, unaichanganya, halafu unapakua kwa kijiko kimoja kwa kila sahani.

Jinsi ya kuandaa

Kwa watu saba tafuta kuku mmoja wa kilo moja na nusu hivi, viazi kilo moja, nyanya 4, vitunguu 2, karoti 2, tango moja, avokado 2 zilizoiva, ndimu 2, dania kidogo, mafuta ya kupikia vijiko 3 vya mezani na chumvi ya kiasi. Ukipenda ishibishe zaidi, ongeza kikombe kimoja cha ndengu au maharagwe yaliyochemshwa yakaiva vizuri.

Kwanza, katakata kuku na umchemshe kwa maji, chumvi na kipande cha kitunguu. Kuku wa gredi huchukua kama dakika 45. Wa kienyeji anaweza kuchukua saa mbili au zaidi. Ameiva nyama ikiachana na mfupa na maji yanayotoka ndani yake yakiwa hayana wekundu.

Pili, mtoe kuku na uweke kwenye chombo safi chenye kifuniko. Katika supu iliyobaki, chemsha viazi na karoti zilizokatwa vipande. Usiimwage supu. Ichemshe tena na uinywe siku hiyo hiyo.

Tatu, osha mikono kwa sabuni, kisha chambua nyama iwe nyuzi nyuzi. Ondoa kila mfupa, hata ule mdogo, maana huwakwama watoto kooni. Firigisi na maini vikate vidogo vidogo na uvichanganye humo humo.

Nne, kata mboga mbichi zilizooshwa, changanya na viazi, karoti na nyama. Kamua ndimu, tia mafuta, chumvi na dania. Avokado itiwe mwisho isije ikapondeka. Ndimu na nyanya zina vitamini C, ambayo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika ndengu na maharagwe. Kama huna ndimu, maziwa lala yanafaa. Usitumie sosi ya mayai mabichi kwa watoto wadogo na mama wajawazito.

Tahadhari ya jua

Mama, chakula kisichopashwa moto kinahitaji usafi kuliko cha moto. Mwaka 1885 nchini Marekani, Theobald Smith, aliyefanya kazi chini ya daktari wa mifugo Daniel Salmon, alitambua vijidudu ambavyo baadaye viliitwa salmonela kwa jina la mkubwa wake. Vijidudu hivi hupatikana mara nyingi katika kuku mbichi na huleta homa, kuumwa na tumbo na kuhara. Moto huviua. Lakini vikirudi kwenye nyama iliyoiva kupitia kisu kichafu, vitazaana upesi wakati huu wa joto.

Basi shika mambo haya matano. Moja, kisu na ubao uliokatia kuku mbichi visiguse mboga mpaka vioshwe kwa sabuni na maji ya moto. Mbili, usimwoshe kuku mbichi kwa maji yanayoruka huku na huku, na ukimaliza safisha beseni na mahali pote. Tatu, osha mboga kwa maji safi ya kunywa. Nne, saladi iliwe ndani ya saa mbili, na penye joto kali ndani ya saa moja. Kama huna friji, pika kinachotosha mlo mmoja, kisilale. Tano, pakiwa na kipindupindu katika eneo lenu, kama ilivyotokea sehemu nyingi za Kenya kuanzia Oktoba 2022, acha mboga mbichi kwa muda. Zipike zote na mle zikiwa moto.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, usimpe saladi yenye mboga mbichi. Mtolee kando nyama iliyoiva, ipondeponde pamoja na kiazi na avokado iwe laini, na uendelee kumnyonyesha. Huyo ndiye mtoto ambaye daktari yule alimwandikia habari zake mwaka 1933. Asipewe mchuzi mtupu.

Mama msikilizaji, kuku alivuka bahari kwa upepo wa kaskazi, akafugwa na mikono ya wanawake kwa zaidi ya miaka elfu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wengi wa waliomfuga hawakumwonja. Jioni ya leo, ukishapakua sahani sita, ipakue na ya saba kabla hujakaa. Ijaze sawa na zile nyingine. Ni yako.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Nyumbani kwenu kuku akipikwa, nani hupakuliwa mwisho, na anapata nini?
2. Ni miiko gani ya chakula iliyokuwako kwa wanawake na watoto katika jamii yenu, na ipi bado inafuatwa?
3. Nani katika nyumba yenu anahitaji nyama na maini zaidi kwa ajili ya damu? Mtafanyaje ili apate?